Migogoro ya uongozi kwenye jumuiya za kiroho: daftari, kiti kikibaki wazi, na mali (uzi kwa wanakamati)

#1 – Karani Mkongwe

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni kwa wanaohudumu kwenye kamati za jumuiya za kiroho zenye uanachama: kuna ada, matawi, baraza, mkutano mkuu, rais au mwenyekiti, na kuna mafundisho ambayo watu wameyashika kwa moyo wote. Jumuiya hizi zikipasuka, wanachama husimuliana kwamba waligombana kwa ajili ya imani. Fungua makabrasha ya vikao vyao uone. Mara nyingi ugomvi ulianzia kwenye mambo matatu: nani yumo kwenye daftari la wanachama, nani anashika kiti kikibaki wazi, na mali imeandikwa kwa jina la nani.

Naanza na kiti. Jumuiya ya Theosofia, ya watu wanaotafuta hekima ya kiroho wanayoamini iko ndani ya dini zote, ilianzishwa New York mwaka 1875, Henry Steel Olcott akiwa rais wake, na alibaki rais hadi alipofariki Adyar, India, Februari 1907. Katiba ilimpa rais haki ya kupendekeza mrithi, kisha wanachama wathibitishe kwa kura. Utaratibu huo unaeleweka. Lakini wiki chache kabla ya kifo chake ikatangazwa kwamba Walimu Wakuu, wale ambao wanachama wengi waliamini wanaiongoza jumuiya kutoka kusikoonekana, wamemtokea Olcott akiwa mgonjwa na kumwelekeza amteue Annie Besant, mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo. Hapo kura ikageuka kitu kingine. Mwanachama aliyeona Besant anafaa ila hakusadiki ono lile, angeweka alama wapi? Na aliyempinga Besant alionekana anawapinga Walimu wenyewe. Besant alishinda kwa kura nyingi, na kwa uwezo wa kazi alistahili kugombea. Ila ubishi juu ya namna alivyoingia uliendelea.

Kifungu ninachopendekeza ni hiki: pendekezo la mrithi liwe la maandishi, lisainiwe mbele ya mashahidi wawili ambao si wagombea, litaje sifa za utumishi peke yake. Ono, ndoto au ujumbe wa mtu visichapishwe kwenye jarida la jumuiya wala kusambazwa kwa gharama yake kuanzia siku uchaguzi unapotangazwa hadi matokeo yatoke. Mtu abaki huru kuamini alichokiamini. Kinachozuiwa ni ofisi kukitumia kuombea kura.

Halafu kuna kukaimu. Katiba nyingi zinasema tu "makamu atakaimu" na kuishia hapo. Andikeni anakaimu kwa siku ngapi (90 hadi 120 zinatosha) na ni mambo gani haruhusiwi kuyagusa: asisajili tawi jipya, asifute tawi, asifukuze mwanachama, asiuze wala kuweka rehani mali, asibadilishe watia saini wa benki isipokuwa kuziba nafasi ya aliyefariki. Na anayekaimu asigombee. Akitaka kugombea, aache kukaimu ndani ya siku 7 na baraza limweke mwingine.

---

#2 – Bi Vifungu

Karani, hilo la anayekaimu kutogombea nalikazia kwa mfano wa jumuiya ya Kibahai, maana ni nadra kuona likifanyika vizuri hivyo.

Shoghi Effendi, kiongozi mkuu wa dini hiyo, alifariki Novemba 1957 bila kuacha wosia wala mrithi. Viongozi waliobaki, walioitwa Mikono ya Hoja ya Mungu, walitafuta wosia kwenye vitu vyake, hawakuupata, wakatoa tamko la maandishi lenye sahihi zao kwamba haupo. Kisha wakachagua 9 miongoni mwao wakae Haifa wasimamie shughuli na mali hadi chombo cha kudumu, Nyumba Kuu ya Haki, kichaguliwe. Kilichaguliwa Aprili 1963. Na kabla ya kura hiyo, wao wenyewe waliwaomba wapiga kura wasiwachague. Watu waliokuwa na madaraka yote mkononi kwa zaidi ya miaka mitano wakajitoa kwenye orodha.

Tazameni pia kazi ya sahihi. Mwaka 1960 mmoja wao, Mason Remey, alijitangaza kuwa ndiye mrithi. Sahihi yake ilikuwa kwenye tamko la 1957. Hakupata wafuasi wengi, na ile karatasi ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Kiongozi akifa, ndani ya siku chache za mwanzo fanyeni haya: funga ofisi na kabati kwa lakiri mbele ya watu watatu au zaidi, orodhesha kilichomo siku ya kufungua, andika kama kuna wosia au hakuna, kila aliyekuwepo asaini kila ukurasa. Msingoje arobaini ipite. Nyaraka zikishapotea, kila kundi litakuwa na wosia wake.

---

#3 – Daftari Safi

Mmeanzia kwenye kiti. Mimi naona vita vyenyewe vinapiganwa miezi minne kabla, kwenye daftari, na hapo wengi hawaangalii kwa sababu ni kazi inayochosha.

Daftari la wanachama liwe na safu hizi, si pungufu: namba ya uanachama isiyorudiwa hata mtu akifa, jina kamili, tawi, tarehe ya kupokelewa, kikao kilichompokea na namba ya azimio, ada imelipwa hadi mwezi gani, na hali yake (hai, amesimama, amejiuzulu, amefariki). Safu ya azimio ndiyo wanayoiruka. Bila hiyo huwezi kumtofautisha mwanachama na mtu aliyeandikwa tu.

Njia za kulichezea ni zile zile kila mahali. Matawi ya kwenye karatasi: watu 7 wanaotakiwa kuunda tawi, wanne kati yao ni wa nyumba moja na hawajawahi kuhudhuria. Ada ya mkupuo: mgombea au mfadhili analipia malimbikizo ya watu 60 kwa risiti moja usiku wa kufunga daftari. Maombi yaliyokaliwa: fomu za tawi linalojulikana kuwa upande wa pili zinakaa droo ya katibu hadi tarehe ipite. Na marehemu ambao kura zao zinaendelea kufika kwa posta.

Dawa yake ni ratiba iliyoandikwa kwenye kanuni za uchaguzi, si kwenye barua ya katibu. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ya kupokea kura:

Siku ya 120: katibu mkuu anapelekea kila tawi orodha yake.
Siku ya 90: tawi linairudisha ikiwa na marekebisho, sahihi ya mwenyekiti na ya mweka hazina wa tawi. Isiporudi, orodha ya mwaka uliopita ndiyo inatumika, ikiondolewa waliokufa na waliojiuzulu.
Siku ya 75: daftari linafungwa. Ombi lolote lililopokelewa kabla ya siku ya 120 liwe limeshajibiwa. Lisipojibiwa bila sababu ya maandishi, mwombaji anahesabiwa amepokelewa. Kifungu hiki kimoja kinaua mchezo wa droo.
Siku ya 70 hadi 56: orodha iko wazi kwa pingamizi. Mwanachama yeyote anaweza kupinga jina, kwa maandishi, akitaja sababu.
Siku ya 45: orodha ya mwisho inasainiwa, nakala tatu: ya msimamizi wa uchaguzi, ya mkaguzi, ya wadhamini.

Malipo ya ada yawe ya mtu mmoja mmoja, risiti moja jina moja. Haki ya kupiga kura ianze miezi 12 baada ya kupokelewa. Na kuna ukaguzi wa dakika kumi ambao kila mkaguzi aufanye: zidisha idadi ya wanachama hai kwa ada ya mwaka, linganisha na fedha za ada zilizoingia benki. Tuseme daftari lina watu 600 hai na fedha iliyoingia inatosha watu 430. Au kuna wizi wa fedha, au kuna wizi wa kura. Vyote viwili ni vya kusimamisha uchaguzi.

---

#4 – Tawi la Kando

Swali kwa Daftari Safi. Kura za posta zinalindwaje? Na hizi kura za uwakala, ambapo mwenyekiti wa tawi anakuja na karatasi 40 mfukoni?

---

#5 – Daftari Safi

Posta: bahasha mbili. Ya ndani haina alama yoyote, ina karatasi ya kura tu. Ya nje ina namba ya uanachama na sahihi. Siku ya kuhesabu, bahasha za nje zinalinganishwa na daftari moja moja, zenye kasoro zinawekwa kando kabla hazijafunguliwa. Kisha za nje zinafunguliwa zote, za ndani zinachanganywa kwenye sanduku, ndipo zinafunguliwa. Wanaokosea huzifungua zote mbili kwa pamoja, na hapo siri ya kura imekwisha. Mwishoni karatasi zilizochapwa zilingane na zilizotumwa, zilizoharibika na zilizobaki, zikijumlishwa. Tofauti ya hata karatasi 5 iandikwe kwenye taarifa, isimezwe.

Uwakala: kwa kuchagua viongozi, uondoeni kabisa. Kwenye jumuiya ya kiroho mwenyekiti wa tawi mara nyingi ndiye mwalimu pia, na mwanafunzi hawezi kumnyima mwalimu wake sahihi akiwa amemkabili. Mkilazimika kuuacha kwa hoja nyingine, mtu mmoja asibebe zaidi ya wawili, na karatasi itaje hoja na namna ya kupiga.

---

#6 – Wakili wa Amani

Naomba nizungumzie nidhamu, kwa sababu ndipo jumuiya zinapotoka damu nyingi.

Mwaka 1894 makamu wa rais wa Jumuiya ya Theosofia, William Q. Judge, alishtakiwa kwamba alitumia vibaya barua zilizodaiwa kutoka kwa Walimu Wakuu. Kamati ya nidhamu ilikaa London mwezi Julai. Ikakuta imekwama kwa sababu mbili. Kwanza, alivyodaiwa kutenda havikuwa vitendo vya makamu wa rais kwa cheo chake, kwa hiyo kamati haina mamlaka. Pili, kuamua kama barua ni za kweli kungelazimu kamati itamke kama Walimu hao wapo au hawapo, na jumuiya ilikuwa imeahidi wanachama wake wote uhuru wa imani. Kesi ikafungwa bila hukumu.

Kisheria kamati ilikuwa sahihi. Lakini aliyeshtakiwa hakusafishwa wala hakutiwa hatiani, na walioshtaki hawakuridhika. Miezi michache baadaye nyaraka zikavujishwa kwa gazeti la London na kila kitu kikaanikwa hadharani. Aprili 1895, kwenye mkutano wa Boston, sehemu ya Marekani, yaani matawi ya nchi hiyo, ikajitangazia uhuru na kumchagua Judge rais wa maisha. Alifariki mwaka uliofuata. Mgawanyiko ukabaki.

Kosa lilikuwa kwenye hati ya mashtaka. Usimshtaki mtu kwa "ujumbe wa uongo kutoka juu". Mshtaki kwa kitendo kinachothibitika: ametumia muhuri bila azimio, ameficha waraka uliokuwa mali ya kamati, ametumia fedha kinyume cha bajeti, amebadilisha maandishi ya kumbukumbu. Haya yana tarehe, karatasi na mashahidi. Na katiba iseme wazi kwamba nidhamu inamfikia kiongozi kwa kitendo alichofanya akiwa na cheo, hata kama alikifanya nje ya majukumu ya cheo.

Utaratibu wenyewe: hati imfikie siku 21 kabla, ikiwa na kila kielelezo kitakachotumika. Jopo la watu 3 au 5, asiwepo mlalamikaji, shahidi, wala anayeweza kurithi nafasi ya mshtakiwa. Mshtakiwa asikilizwe na alete mtu wa kumsaidia kusema. Uamuzi wa maandishi ndani ya siku 14, sababu zikitajwa. Rufaa siku 30, kwa watu wengine kabisa. Kumsimamisha kwa muda kunaruhusiwa, lakini kusizidi siku 60, maana kusimamishwa kusiko na mwisho ni kufukuzwa kwa mlango wa nyuma.

Na msimpeleke mtu kuhukumiwa na mkutano mkuu. Rudolf Steiner, mwalimu aliyeanzisha mafundisho ya kiroho yaitwayo Anthroposofia, alipofariki Machi 1925 hakuacha mrithi, na baraza la Jumuiya ya Anthroposofia alilolichagua mwenyewe likabaki na watu 5 wasioelewana. Aprili 1935 mkutano mkuu wa Dornach uliwaondoa wawili kati yao, Ita Wegman na Elisabeth Vreede, na kikao hicho hicho kikatenga hata jumuiya za Uholanzi na Uingereza. Ukumbi mzima ndio mshtaki na ndio hakimu. Wanawake hao wote wawili walifariki mwaka 1943. Uamuzi dhidi yao ulifutwa rasmi na mkutano mkuu mwaka 2018, miaka 83 baadaye.

---

#7 – Kimya

Nasoma kwa heshima lakini nina shaka. Watu hawa wamekuja kutafuta Mungu. Mkiwajazia siku 120, siku 75, hati na vielelezo, mnageuza jumuiya kuwa mahakama. Kuna jumuiya ya Marafiki, wale Wakristo waitwao Quaker, tangu karne ya 17 hawapigi kura kabisa na hawajasambaratika.

---

#8 – Karani Mkongwe

Kimya, umeleta mfano mzuri, tuutazame kwa karibu.

Hawapigi kura, kweli. Lakini angalia kazi ya karani wao. Jambo likijadiliwa, karani husikiliza mkutano unaelekea wapi, anaandika azimio pale pale, mkutano ukisubiri kimya. Analisoma kwa sauti. Kama kuna neno halijakaa sawa, mtu anasema, linarekebishwa, linasomwa tena. Wakilikubali ndipo wanaendelea na jambo linalofuata. Hakuna kumbukumbu zinazoandaliwa nyumbani kwa katibu baada ya wiki mbili zikiwa na maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Na kukiwa hakuna umoja, jambo linaahirishwa, kwa hiyo hali iliyopo inaendelea. Huo ni utaratibu mkali kuliko wa kwetu wengi.

Pia sikubali kwamba wamekaa bila kugawanyika. Marekani walipasuka mwaka 1827 kati ya kundi la mhubiri Elias Hicks na kundi la Marafiki lililoitwa la Kiothodoksi, na mkutano wa mwaka wa Philadelphia, yaani chombo chao kikuu cha eneo hilo, ukawa miwili hadi 1955. Pasipo kura, nguvu inahamia kwa anayetafsiri "mwelekeo wa mkutano". Kwa hiyo karani abadilishwe kila baada ya muda uliopangwa, na asiwe mwenye hoja siku hiyo.

Desturi hiyo ya kusoma azimio papo hapo hata jumuiya inayopiga kura inaweza kuichukua kesho. Inaondoa sehemu kubwa ya magomvi bila kuongeza kifungu chochote.

---

#9 – Mdhamini

Niongeze mali, kwa ufupi.

Kiwanja na jengo viandikwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, kamwe si la mwalimu, rais au mfadhili, hata kama ndiye aliyetoa fedha. Watia saini wa benki wawe watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa fedha, wasiwe ndugu wala mume na mke. Anwani ya tovuti, orodha ya barua pepe na neno la siri viko kwenye orodha ya mali kama viti na meza. Sana sana hivi ndivyo vinavyotekwa kwanza, kwa sababu kijana aliyejitolea aliviandikisha kwa jina lake na hakuna aliyemwambia abadilishe.

Maandishi ya mwalimu ndiyo yanayosahaulika. Haki ya kuyachapa baada ya kifo iko kwa nani? Kwenye Jumuiya ya Anthroposofia, Marie Steiner, mjane wa Rudolf, ndiye aliyeshika urithi wa maandishi. Mwaka 1943 aliunda chombo cha kuusimamia kilicho nje ya jumuiya, na mzozo kati ya chombo hicho na uongozi ukaendelea baada ya kifo chake mwaka 1948. Jumuiya ilijikuta haina haki ya vitabu inavyovisoma. Mwalimu akiwa hai na mwenye akili timamu, mwombeni asaini waraka wa haki hizo. Ni mazungumzo magumu, lakini yafanyeni.

---

#10 – Bi Vifungu

Kabla hatujafunga, kundi la ndani. Jumuiya nyingi zina duara la wanafunzi waliokula kiapo. Blavatsky, mmoja wa waanzilishi wa Theosofia, alitangaza duara la namna hiyo, Sehemu ya Siri, mwaka 1888, ikisemwa wazi kwamba haina uhusiano rasmi na Jumuiya ya Theosofia. Lakini Besant baadaye alikuwa mkuu wa sehemu hiyo na rais wa jumuiya kwa wakati mmoja. Mtu aliyeapa kumtii mkuu wake wa ndani anapigaje kura huru dhidi yake huku nje?

Sipendekezi kuvunja duara. Pendekezo ni: mkuu wa kundi la kiapo asishike urais, ukatibu mkuu wala uhazina, hesabu za fedha ziwe mbali, vikao vya duara visijadili uchaguzi, na kiapo kiwe na sentensi inayosema hakihusu kura. Pia mjumbe wa baraza atangaze kama ni wa duara pale hoja inapoligusa. Baraza lote likiwa la duara, mkutano mkuu utakuwa unaidhinisha yaliyokwisha kuamuliwa kwingine.

---

#11 – Tawi la Kando

Na kama tayari kuna kamati mbili, kila moja na muhuri wake na barua zake benki?

---

#12 – Wakili wa Amani

Tafuteni kikao cha mwisho ambacho pande zote mbili zinakubali kilikuwa halali. Viongozi wa siku hiyo ndio wa muda, hata kama hamwapendi. Pande zote ziiandikie benki barua moja ya pamoja: malipo ya kawaida tu (maji, umeme, mishahara), sahihi moja kutoka kila upande. Kila upande ukipeleka barua yake, benki itafunga akaunti na hata mlinzi hatalipwa.

Kisha daftari la siku ya kikao hicho lijengwe upya na mtu wa nje, kwa risiti na orodha za matawi. Uchaguzi mmoja, kwa daftari hilo, msimamizi akiwa wa nje pia.

Mkiona kuishi pamoja hakuwezekani, achaneni kwa mkataba na msinyang'anyane hati. Mwaka 1913 makao makuu ya Theosofia yaliifutia hati ya kutambuliwa sehemu ya Ujerumani iliyoongozwa na Steiner, baada ya yeye na wenzake kukataa Shirika la Nyota lililokuwa likimtangaza Krishnamurti, kijana wa Kihindi, kuwa ndiye Mwalimu wa Dunia anayekuja. Hati ilifutwa, na wanachama wengi wa Ujerumani wakaondoka na Steiner. Mkataba wa kuachana utaje: kila tawi linapiga kura liende wapi, kwa theluthi mbili, waliobaki wachache wapewe miezi 6 ya kutumia ukumbi, jina linabaki na nani na mwingine atajiitaje, fedha zinagawanywa kwa idadi ya wanachama hai wa daftari lililokubaliwa, na makabrasha yote yanakiliwa, kila upande ukipata nakala kamili, maana kila upande utahitaji kuthibitisha tarehe za kupokelewa watu wake.